Uso Getini: Kuchagua na Kufunga Kamera za Nyumbani

Ukiingia katika duka la vifaa vya umeme kwenye barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, au Kenyatta Avenue kule Nakuru, ukasema unataka kamera za nyumbani, swali la kwanza utakaloulizwa ni idadi: nne au nane? La pili litakuwa la megapikseli. Hayo ni maswali ya muuzaji. Swali la mwenye nyumba ni jingine kabisa: siku nitakapoihitaji picha hii, nitataka inionyeshe nini, na mtu huyo atakuwa amesimama wapi?

Naandika haya kwa sababu nimeona rekodi nyingi mno za wizi ambazo hazikumsaidia mtu yeyote. Kamera zilikuwa zinafanya kazi, pesa zilikuwa zimetumika, na kilichoonekana ni kivuli chenye kofia kikivuka ua. Kamera haimkamati mwizi. Inaweza kumfanya asite, inaweza kukuamsha, lakini kazi yake kubwa ni kukupa uso wa mtu, saa aliyofika na njia aliyopita. Isipokupa uso, umenunua taa ndogo ya ukutani kwa bei ghali.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, tembea. Zunguka boma lako mchana, kisha uzunguke tena usiku, ukijiuliza mtu asiyealikwa angeingilia wapi. Nyumba nyingi za Mamboleo, Kiamunyi au Lurambi zina mpangilio unaofanana: geti moja la mabati, mlango wa mbele, mlango wa jikoni, na upande mmoja wa ua ambao kayaba imekonda au ukuta wa jirani uko chini. Katika kila njia kati ya hizo kuna mahali ambapo mtu hana budi kupita akiwa ameelekeza uso mbele, hatua chache kutoka ukutani. Mahali hapo ndipo kamera inapotakiwa kuangalia. Ua mzima unaweza kusubiri.

Megapikseli na lenzi

Megapikseli ni hesabu ya nukta zinazounda picha. Kamera ya megapikseli 2 ina nukta 1,920 kwa upana, ya 4 ina 2,560, na ya 8, inayouzwa kwa jina la 4K, ina 3,840. Nukta hizo ni donge la unga: ukilisukuma liwe chapati pana, chapati inakuwa nyembamba. Anayeamua upana ni lenzi, na lenzi ndiyo watu wengi hawaulizii kabisa.

Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo huja na kamera nyingi za bei ya kawaida, huona pembe ya digrii 100 hivi. Muuzaji atakuonyesha kwamba inameza ua mzima, na ni kweli. Lakini mtu akiwa umbali wa mita 10, picha hiyo imetandaa upana wa mita 25 hivi. Gawanya nukta 1,920 kwa 25 na utabaki na nukta 77 kwa kila mita. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitaka nukta 250 kwa mita ili mtu usiyemjua aweze kutambuliwa bila shaka, 125 ili umtambue mtu unayemfahamu, na 62 hivi kwa kuona tu alivyovaa na anachofanya. Kwa nukta 77 utajua kwamba mtu mwenye koti alipita. Jina lake hutalipata.

Fuata hesabu hiyo mbele kidogo uone inakopeleka. Kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi ya 2.8 inakupa uso kamili hadi mita 3 hivi. Ibadilishe kwa 4K yenye lenzi ile ile, na umbali unapanda hadi mita 6. Sasa rudi kwenye megapikseli 2 za bei nafuu, lakini chukua lenzi ya milimita 6, ambayo huona pembe nyembamba ya digrii 50 na kitu. Uso unaupata hadi karibu mita 8. Kamera ya bei ya chini imeishinda ya bei ya juu kwa sababu tu imeelekezwa mahali padogo. Kama geti lako liko mita 7 kutoka barazani, tayari unajua cha kununua, na si kile kilicho kwenye bango.

Ushauri wangu kwa nyumba ya kawaida ni kuchanganya: kamera moja pana ya kuonyesha mtu alitoka wapi na kuelekea wapi, na nyembamba moja au mbili zinazokaza macho getini na mlangoni. Tatu zilizopangwa hivyo zina faida kuliko nane zilizotandazwa ukutani zote zikiwa na lenzi moja.

Kimo nacho kina neno lake. Mafundi hupenda kuzifunga juu kabisa chini ya paa, ili mkono usifike. Kutoka mita 5, mtu aliye karibu anaonekana kisogo na kofia. Mita 2.5 hadi 3 zinatosha, na mlangoni hata chini zaidi. Kamera ya kengele ya mlango, inayokaa kifuani, huona nyuso za watu kuliko nyingine yoyote nyumbani. Na usikubali ukuta utobolewe kabla ya majaribio. Fundi aishike kamera kwa mkono pale anapotaka kuifunga, imeunganishwa na betri, picha ikiwa kwenye simu yako, huku mtu wa nyumbani akitembea kutoka getini hadi mlangoni saa mbili usiku. Dakika hizo chache zinakueleza mambo ambayo karatasi ya kiwandani haiwezi.

Zile kamera zinazozunguka zenyewe, hasa za balbu zinazochomekwa kwenye soketi ya taa, zimeenea sana kwa sababu ni rahisi na hazihitaji fundi. Siwezi kuzipendekeza kuwa ulinzi wa geti. Kamera inayozunguka huwa imeangalia upande mmoja wakati jambo linatokea upande wa pili. Na ya balbu inategemea swichi ya ukutani: mtoto akizima taa ya baraza akienda kulala, kamera nayo imelala.

Usiku, jua na wadudu

Giza likiingia, kamera nyingi huwasha taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho yetu, na picha inageuka nyeusi na nyeupe. Zenye mwanga wa nanomita 850 huacha wekundu hafifu unaoonekana ukizitazama. Za 940 hazionekani kabisa lakini mwanga wake hauendi mbali. Kuna pia zinazowasha taa nyeupe na kurekodi kwa rangi. Rangi ya koti au ya pikipiki ni ushahidi mzuri, na taa inayowaka ghafla humshtua mtu, kwa hiyo mahali ambapo haitamsumbua jirani naipendelea hiyo.

Adui mkubwa wa picha ya usiku katika nyumba zetu ni geti lenyewe. Mabati yaliyopakwa rangi nyeupe au ya fedha hurudisha mwanga wote wa infraredi kwenye lenzi. Kamera inaona mwangaza mkali, inajipunguza nguvu, na mtu aliyesimama mbele ya geti anageuka kivuli cheusi. Ukuta mweupe ulio karibu na kamera, au ukingo wa paa unaojitokeza juu yake, hufanya vivyo hivyo. Dawa ni kuisogeza kamera ili ukuta usiingie kwenye picha, kuielekeza geti kwa pembeni badala ya kuikabilisha uso kwa uso, au kuzima infraredi kabisa na kuweka taa ya kawaida inayomulika kutoka upande mwingine.

Upande wa ziwani kuna visubi. Yeyote aliyeishi Kisumu anajua yale mawingu ya wadudu yanayopanda kutoka Ziwa Victoria na kufunika kila taa. Kamera yenye taa zake pembeni mwa lenzi huwavuta, wadudu huvuta buibui, na baada ya wiki chache utando uliotandwa mbele ya lenzi unang'aa usiku kucha. Simu yako inapiga kelele kila dakika kwamba kuna mwendo, mpaka unazima tahadhari zote, na hapo ndipo usalama unapopotea. Weka taa mbali na kamera ili wadudu waende huko. Katika mipangilio, badilisha tahadhari ya mwendo wowote iwe ya umbo la binadamu, ambayo kamera nyingi za siku hizi zinayo. Na ufute lenzi kwa kitambaa laini mara kwa mara. Nakuru, ambako shida ni vumbi, kitambaa hicho kina kazi hata zaidi.

Kuhusu jua, sisi tunaoishi karibu na ikweta, nayo inapita pale Maseno, tuna jambo letu. Jua linachomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili mwaka mzima. Kamera inayotazama magharibi itapigwa na jua la jioni usoni karibu kila siku isiyo na mawingu, na inayotazama mashariki itapigwa asubuhi watu wakielekea kazini. Ikiwezekana itazame kaskazini au kusini. Isipowezekana, tafuta yenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli, unaoandikwa WDR kwenye boksi. Ile ya kweli, ya desibeli 120, si ile inayoitwa ya kidijitali.

Analogi, ya mtandao, au isiyo na waya

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, ingawa mambo yenyewe si mengi. Mfumo wa analogi hupeleka picha kwa waya wa koaksia, wa aina ile ya antena ya runinga, hadi kwenye kinasa kinachoitwa DVR, na kila kamera inahitaji umeme wake wa volti 12. Mfumo wa mtandao hutumia waya wa kompyuta, Cat5e au Cat6, hadi kwenye kinasa cha NVR, na waya huo mmoja unabeba picha na umeme pamoja. Mafundi huuita umeme huo PoE. Waya wa mtandao unafika mita 100. Wa koaksia unaweza kwenda mbali zaidi. Analogi za leo si zile za zamani zenye ukungu, hutoa picha nzuri tu, na kama nyumba tayari ina nyaya za koaksia ukutani sioni haja ya kuzing'oa. Kwa nyumba mpya ningeweka mtandao: waya mmoja, umeme unaotoka mahali pamoja, na nafasi ya kubadilisha kamera moja baadaye bila kugusa nyingine.

Zisizo na waya hazina waya wa picha tu. Za umeme bado zinahitaji stima, na za betri hulala mpaka zihisi mwendo, kisha zinachelewa kuamka; mara nyingine unachopata ni mgongo wa mtu akiondoka. Mawimbi ya Wi-Fi hufifia yakipita ukuta wa mawe, na mabati huyazuia kwelikweli. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta hana budi kuzitumia, na hapo zinafaa. Kwa geti la nyumba yako mwenyewe, piga waya.

Waya, stima na radi

Kama ningeruhusiwa kumsimamia fundi katika jambo moja tu, ningesimamia waya. Sokoni zimejaa nyaya za alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na zinauzwa kwa jina la Cat6 bila aibu. Chukua kipande, ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya ngozi ya shaba, huo ni alumini. Pima na uzito pia: boksi la alumini ni jepesi kwa namna unayoihisi mkononi.

Tofauti hiyo inaonekana usiku. Tuseme kamera ya volti 12 iko mita 60 kutoka kwenye umeme wake, kwa waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba. Usiku, infraredi ikiwaka, inavuta nusu ampea. Kwa waya wa shaba, volti 2 hivi zinapotelea njiani na kamera inapata 10. Kwa alumini iliyopakwa, zinapotea zaidi ya 3, na kamera inabaki na chini ya 9. Inazima. Ikizima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, inawaka tena, infraredi inawaka, inazima. Kamera inayofanya kazi vizuri mchana kutwa na kuzimika usiku mara kwa mara, mara nyingi haina ubovu wowote. Waya ndio mbovu, na unaweza kubadilisha kamera tatu kabla mtu hajakueleza hivyo.

Maji ni jambo fupi. Kamera yenye alama ya IP66 au IP67 itastahimili mvua ya Kakamega. Kisichostahimili ni ule mkia wake wenye kiungo. Kiungo kikae ndani ya kisanduku kilichozibwa, na waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia ukutani, ili tone la maji lidondoke badala ya kufuata waya hadi ndani.

Radi ni habari ndefu zaidi. Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuambiwa. Radi haihitaji kuipiga nyumba yako. Ikipiga karibu, inaamsha volti kubwa katika kila waya mrefu ulio nje, na waya wa kamera kutoka getini ni mrefu na uko nje. Volti hiyo inaingia kwenye kinasa, inapita hadi kwenye runinga na ruta iliyounganishwa nacho. Kile kifaa cha soketini tunachokiita TV guard hulinda dhidi ya stima inayopanda na kushuka kwenye njia ya stima. Hakilindi mlango wa waya wa mtandao. Unahitaji vizuizi vya radi kwenye nyaya zenyewe, viunganishwe na waya wa erthi uliozikwa vizuri, kwa maana kizuizi kisicho na erthi hakina pa kuitupa nguvu hiyo. Waya wa kamera usipitishwe bomba moja na waya wa stima. Na kama kamera iko kwenye banda la ng'ombe au nyumba ya pili ng'ambo ya boma, vuta faiba, ambayo hubeba mwanga na haibebi umeme hata kidogo.

Halafu stima inapotea. Kamera 4 za wati 6, kinasa cha wati 12 na ruta ya wati 9 ni jumla ya wati 45. UPS ndogo ya kompyuta, kile kisanduku kinachoshika stima inapokatika, kwa kawaida ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukitoa kinachopotea, una saa moja, labda na nusu. Inatosha kuvuka katizo fupi, haitoshi usiku mzima. Saa 10 za giza zinataka wati-saa 450, ambazo betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 50 inazimudu. Wenye kamera za sola wachague paneli kwa kuangalia wiki za mvua ndefu za Machi hadi Mei, wasiangalie jua la Januari.

Siku ngapi, na intaneti ya nini

Kamera haihitaji intaneti ili kurekodi. Nalisema wazi kwa sababu kuna watu waliokaa miaka bila kamera wakiamini kwamba ni lazima kwanza walipie faiba. Kinasa kina diski yake na kinaandika usiku na mchana hata bila ruta. Intaneti inahitajika ukitaka kutazama ukiwa mbali au kupokea tahadhari kwenye simu. Ukitazama moja kwa moja kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, unatumia megabaiti 450 kwa saa. Anayetumia bando la simu apime hapo.

Hesabu ya diski ni rahisi: kila megabiti 1 kwa sekunde inakula gigabaiti 10.8 kwa siku. Kamera ya megapikseli 2 inayobana picha kwa H.265, njia ya kupunguza ukubwa wa video, inaweza kuwekwa kwenye megabiti 2, sawa na gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera 4 ni 86. Diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku 11 hivi, kisha inaanza kufuta za zamani. Familia inayokwenda ushago Disemba kwa wiki mbili na kurudi kukuta dirisha limevunjwa inaweza kukuta siku yenyewe imeshafutwa. Nunua terabaiti 2, na iwe diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera. Ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandikwa saa 24 kila siku.

Kinasa kisikae chini ya runinga. Wezi wamekwishajua ushahidi uko wapi na huondoka nao. Kifungie kabatini au darini penye hewa ya kutosha, na kwa kamera ya getini weka pia kadi ya kumbukumbu ndani yake, ili kimoja kikiibwa kingine kibaki.

Kamera ni yako au ya fundi?

Jambo hili linaniudhi kuliko yote. Fundi akimaliza kazi, anaingiza mfumo kwenye programu ya simu ili uonyeshe picha. Mara nyingi anausajili kwa akaunti yake mwenyewe, kisha anakugawia ruhusa ya kutazama. “Mzee, nimeiweka kwangu ndio nikusaidie ikisumbua.” Anaweza kuwa na nia njema kabisa. Lakini katika programu nyingi kifaa kimoja kina mmiliki mmoja, naye sasa ni mtu anayeweza kuona sebule yako, kujua mmesafiri lini, na kukufungia nje siku mtakapokosana. Kabla hujamlipa salio, fungua akaunti kwa namba yako, yeye akiondoe kifaa kwenye yake, nawe ukisajili upya mbele yake. Akihitaji kusaidia, mpe ruhusa, kisha uiondoe. Muulize pia nywila ya kinasa chenyewe, maana hiyo ni tofauti na ya programu, na ubadilishe.

Nywila zilizotoka kiwandani si jambo dogo. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu majina na nywila chache za kiwandani, na ikateka maelfu kwa maelfu ya kamera na vinasa vya watu wa kawaida. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zikazimika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Fundi akitaka kufungua mlango kwenye ruta yako ili kamera ionekane moja kwa moja kutoka nje, mkatalie. Programu za leo hazihitaji hilo.

Jirani, mpangaji na msaidizi wa nyumbani

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiwekea kanuni. Sheria hiyo, katika kifungu cha 51, inasamehe mtu anayetumia data kwa shughuli za nyumbani kwake tu. Kamera inayotazama baraza lako iko humo. Inayotazama dirisha la jirani ni habari nyingine. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi barabara ya umma haiwezi kuitwa shughuli ya nyumbani pekee. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini hoja yake ni rahisi kuielewa. Mifumo mingi ina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa kivuli cheusi. Funika dirisha la jirani, kisha mwite aone kwamba umelifunika. Mtaani kwetu hilo huzuia ugomvi wa miaka.

Mwenye ploti ya kupangisha hana msamaha wa nyumbani, kwa sababu hiyo ni biashara. Kanuni za usajili za mwaka 2021 zinataja uendeshaji wa CCTV kwa ajili ya kuzuia uhalifu miongoni mwa shughuli zinazolazimu kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata biashara ikiwa ndogo. Weka kibao getini, usiweke kamera inayotazama milango ya choo na bafu za pamoja, na usimpe rekodi kila anayeomba.

Msaidizi wa nyumbani anastahili kuambiwa kamera ziko wapi siku ya kwanza ya kazi, na chumba anacholala kisiwe na kamera kamwe. Wapo wanaosema kamera ya siri humlinda mtoto. Mtoto analindwa vizuri zaidi na kamera ya sebuleni ambayo kila mtu anajua ipo.

Na ukipata rekodi ya mtu, usikimbilie kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp na neno “mwizi” juu yake. Ukikosea, umemweka mtu asiye na hatia mikononi mwa umati, na sote tunajua umati hufanya nini.

Siku ya kuitumia

Kwanza saa. Vinasa vingi hutoka China vikiwa kwenye majira ya huko, saa 5 mbele ya yetu. Tukio la saa nane na dakika kumi usiku linaandikwa 07:10 asubuhi, na wakili wa upande wa pili hatahitaji kusema mengi. Weka kinasa kwenye majira ya Afrika Mashariki, yanayoandikwa +3, siku ya kwanza, na uyakague tena kila baada ya miezi michache, kwa sababu betri ndogo ya ndani ikifa saa hurudi nyuma miaka.

Tukio likitokea, nakili rekodi mapema kabla diski haijaifuta. Nakili faili lenyewe kutoka kwenye kinasa kwenda kwenye flashi, pamoja na programu yake ya kuchezea. Usiirekodi skrini kwa simu, kwani unapoteza ubora na alama zinazothibitisha kwamba haikuguswa. Anza dakika kadhaa kabla ya tukio na uishie dakika kadhaa baadaye, kwa kila kamera. Kama saa ya kinasa inatofautiana na ya simu yako, andika tofauti hiyo. Kisha nenda kituoni, tukio liandikwe, uchukue namba ya OB, na ukabidhi nakala huku asili ikibaki kwako. Kesi ikifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kilichotiwa sahihi na mtu anayehusika na kifaa, kinachoeleza rekodi ilivyopatikana na kwa kifaa gani. Mtu huyo kwa kawaida utakuwa wewe, kwa hiyo andika namba na modeli ya kinasa mahali utakapozipata hata kinasa chenyewe kikiwa kimeibwa.